Mashua ya bei rahisi ihesabiwe kwa gharama za mwaka wa pili

Soko la mashua ndogo za matanga zilizotumika huko Uingereza limefika mahali pa ajabu. Mashua ya futi 26 yenye vitanda, jiko, choo na injini ya dizeli, chombo kinachoweza kumvusha mtu na jamaa yake hadi Ufaransa na kumrudisha salama, hupatikana kwa pauni elfu chache tu, yaani bei ya gari kuukuu. Nyingine hutolewa bure kwa yeyote atakayekubali kuziondoa zilipo. Mtu aliyeota safari za baharini maisha yake yote, akisoma matangazo hayo, huona mlango umefunguliwa. Wengi huingia mbio. Baada ya miaka miwili, baadhi yao huwa wanatafuta mtu wa kuwapa mashua hiyo hiyo bure.

Kosa lao si kupenda bahari, bali kuinunua mashua kwa bei iliyoandikwa kwenye tangazo. Katika biashara hii bei ya kununulia ndiyo tarakimu yenye maana ndogo kuliko zote. Mnunuzi mwenye mfuko mdogo hana budi kuanza na swali jingine: je, mashua hii itakula kiasi gani katika mwaka wa pili, mwaka ambao hakuna kilichovunjika, hakuna kinachonunuliwa kipya, na chombo kinaelea tu mahali pake? Asiyeweza kulijibu swali hilo bado hajajua bei ya kitu anachokinunua.

Sababu ya bei kuanguka ni rahisi kueleweka. Kuanzia miaka ya 1960 viwanda vya Ulaya na Marekani viliacha mbao vikaanza kufinyanga mashua kwa faiba, moja baada ya nyingine kutoka katika kalibu ile ile. Kiwanda cha Westerly cha Uingereza kiliunda zaidi ya mashua 2,400 za aina ya Centaur, ya futi 26, kati ya mwaka 1969 na 1980. Kule Sweden, aina ya Albin Vega, ya futi 27, iliundwa kwa zaidi ya mashua 3,000 kabla haijasimamishwa mwaka 1979. Faiba haiozi kama mbao, wala haishiki kutu kama chuma. Mashua nyingi za miaka hiyo bado zinaelea, hali walizozinunua zikiwa mpya wamezeeka au wamefariki. Bidhaa haifi, wanunuzi hawaongezeki, na kodi ya maegesho inapanda. Bei haina pa kwenda isipokuwa chini.

Lakini kilichoshuka ni bei ya kiunzi peke yake. Injini mpya haijashuka bei, wala matanga, wala nyaya za mlingoti, wala ujira wa fundi. Kwa hiyo muuzaji anayetoa mashua bure mara nyingi hatoi zawadi. Anahamisha bili kutoka mfukoni mwake kwenda mfukoni mwa mwingine. Waswahili walishasema kwamba rahisi ni ghali, na katika soko hili msemo huo unaweza kuthibitishwa kwa kalamu na karatasi.

Chukuliwe mfano wa mashua mbili za aina moja, za umri mmoja, katika bandari moja. Tarakimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Kila mnunuzi ataweka zake. Ya kwanza inauzwa pauni 2,000. Injini yake haijawaka muda mrefu, matanga yamechakaa, na nyaya za mlingoti hazikumbukwi zilibadilishwa lini. Ya pili inauzwa pauni 7,000, injini ikiwa ya miaka michache, matanga mazuri, na stakabadhi za nyaya mpya zipo. Aliyechukua ya kwanza akilipa 8,000 kwa injini na kuifunga, 2,000 kwa nyaya, na 2,500 kwa matanga mawili, atakuwa ametoa jumla ya 14,500. Akitaka kuiuza siku hiyo hiyo, soko litampa kama pauni 7,000 za jirani yake, kwa sababu sasa mashua zao zinafanana. Tofauti ya 7,500 imezama. Jirani aliyeonekana mbadhirifu mwanzoni ndiye aliyenunua kwa bei ya chini, kwani mwenye mashua wa zamani alikwisha kumlipia hasara hiyo.

Kanuni inayotokana na hesabu hiyo ni kwamba mnunuzi mwenye fedha kidogo hapaswi kununua mashua ya rahisi kabisa ya aina kubwa. Anunue mashua bora kabisa ya aina ndogo. Aidha, asimalize akiba yake yote siku ya kununua. Ikiwa ana pauni 10,000, atazame mashua za 6,000 au 7,000, zinazobaki azifungie kwa matengenezo ambayo hayajaonekana bado. Yatakuwapo.

Hapo ndipo dalali humjia na kishawishi cha pili. Kwa kuwa bei za vyombo vikuukuu zimeanguka zote, mashua ya futi 32 inaweza kukutwa ikiuzwa sawa na ya futi 26, na ndani yake mtu husimama wima na kutandika meza ya watu sita. Mbona asichukue kubwa? Jibu lipo katika uzito. Chombo kikiongezeka urefu huongezeka pia upana na kina, hivyo kutoka futi 26 hadi 32 uzito unaweza kukaribia kuwa maradufu, ingawa urefu haukuongezeka hata robo. Nanga inataka kuwa nzito zaidi, minyororo minene zaidi, matanga mapana zaidi, injini yenye nguvu zaidi, rangi ya chini madebe mengi zaidi. Marina nyingi nazo hutoza kwa mita ya urefu. Mwenye nyumba hulipa mara moja kwa chumba cha ziada. Mwenye mashua hukilipia kila mwaka.

Maegesho ndiyo sehemu inayosahauliwa zaidi. Kama marina ingetoza pauni 500 kwa mita kwa mwaka, mashua ya mita 8 ingehitaji pauni 4,000, nayo haijatoka hata siku moja. Katika miaka miwili tu kodi ingepita bei ya mashua yenyewe. Kwa hiyo mahali pa kuegesha pachaguliwe kabla ya mashua, si baada yake.

Hapo ndipo umbo la mkuku linapoingia katika hesabu. Mashua nyingi za matanga zina mkuku mmoja mrefu kwenda chini, na maji yakipwa hulala ubavu. Hizo hulazimika kukaa penye kina, na penye kina pana wagombeaji. Centaur ina mikuku miwili mifupi, mmoja kila upande, nayo huzama mita 0.9 tu. Maji yakitoka hukaa wima juu ya tope kama kigoda. Inaweza kuwekwa katika vijito ambavyo mashua nyingine hazithubutu kuingia, ambako kodi ni sehemu ndogo tu ya ile ya marina, na mwenyewe akashuka kuikwangua na kuipaka rangi maji yakiwa yamekupwa, bila kukodi winchi. Wanamichezo wa mashindano huicheka kwa kuwa haipandi vizuri dhidi ya upepo. Kicheko hicho hakilipi kodi. Kwa mtu wa mapato ya kawaida, mikuku miwili inaweza kuwa ndiyo inayoamua kama mashua itakaa mikononi mwake miaka kumi au miwili.

Aina hiyo nayo ina dosari yake inayojulikana: pale mikuku inaposhikana na kiunzi, hasa katika mashua za mwanzo, faiba ilikuwa haikutiwa nguvu ya kutosha. Zilizoimarishwa ziko salama. Ambazo hazijaimarishwa zichunguzwe na bei ipunguzwe kwa gharama ya kazi hiyo. Huo ndio uzuri wa kununua aina iliyoundwa kwa wingi. Maradhi yake yamekwisha kujulikana, na dawa yake pia.

Wapo wanaodhani kwamba udogo ni hatari, na kwamba mwenye busara hulipia ukubwa ili anunue usalama. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1985 msichana wa miaka 18, Tania Aebi, aliondoka New York katika mashua ya aina ya Contessa 26, akaizunguka dunia akiwa karibu njia yote peke yake, akarejea mwaka 1987. Mwaka 2011 Matt Rutherford aliondoka Annapolis, Marekani, katika Albin Vega iliyotumika, akazunguka mabara yote mawili ya Amerika bila kusimama bandarini, akapita barafu ya kaskazini na rasi ya kusini, akarejea baada ya siku 309. Hakuna ubishi kwamba hao ni mabaharia wa kupigiwa mfano, na wala asiye na uzoefu asiwaige. Lakini safari zao zimethibitisha jambo moja la kibiashara: faiba nene iliyofinyangwa vizuri miaka mingi iliyopita bado ni mali. Kinachoua baharini mara nyingi si ufupi wa chombo. Ni waya uliokatika, usukani uliolegea, tundu lililosahauliwa, au nahodha aliyetoka siku isiyofaa.

Kwa sababu hiyo ukaguzi ndio fedha ya mwisho ambayo mnunuzi anaweza kuibana. Mkaguzi wa vyombo alipwe na mnunuzi, achaguliwe na mnunuzi, na ripoti iwe ya mnunuzi. Mkaguzi anayeletwa na muuzaji ni shahidi wa muuzaji. Ni desturi ya soko la Uingereza kutoa amana, mara nyingi asilimia 10, kwa sharti kwamba mauzo yanategemea ukaguzi. Sharti hilo liandikwe. Bila maandishi, amana ni sadaka.

Hata hivyo, kabla ya kumlipa mkaguzi mnunuzi anaweza kuzikataa mashua nyingi kwa macho na masikio yake mwenyewe. Atembee juu ya sitaha bila viatu: ikibonyea chini ya kisigino, mbao zilizofunikwa ndani ya faiba zimelowa, na kazi hiyo ni ndefu na ya ghali. Aikokote ngama kwa mkono na kunusa: maji ya chumvi yatoke wapi katika chombo kinachosemwa hakivuji? Avikague vyuma vinavyoshikilia nyaya za mlingoti ubavuni, hasa sehemu inayopita ndani ya sitaha, kwani kutu hujificha pale. Agongegonge kiunzi kwa nyundo ndogo asikilize mlio. Palipo pazima hulia kikavu, palipoachana hulia kizito. Malengelenge madogo chini ya rangi yasimtishe kupita kiasi. Mara nyingi ni ya kupunguzia bei, si ya kukimbia.

Injini aikute baridi. Muuzaji akiwa ameiwasha na kuipasha moto kabla ya mgeni kufika, mgeni aombe kurudi siku nyingine. Injini ikiwaka baridi, ikatoa maji nyuma kama ipasavyo, na moshi ukakata baada ya muda mfupi, kuna la kuzungumza. Isipowaka, bei ihesabiwe kana kwamba haipo, maana ahadi kwamba inataka matengenezo madogo tu imewagharimu wengi. Matanga yatandazwe nje ya mfuko na kushikwa. Yanayochanika uzi ukivutwa kwa kidole yamekwisha, hata yakiwa meupe.

Bima nayo ina sauti yake. Kampuni nyingi hutaka ripoti ya mkaguzi kwa vyombo vikuukuu, na hutaka nyaya za mlingoti zibadilishwe kila baada ya miaka kadhaa, mara nyingi takriban 10. Na marina nyingi hazipokei chombo kisicho na bima. Hivyo stakabadhi ya nyaya si karatasi ya kawaida, ni sehemu ya bei. Vivyo hivyo hati ya mauzo ya kila aliyeimiliki mashua. Chombo kisicho na mlolongo wa hati kinaweza kuwa na deni ambalo mwenye kudai hajatokea bado.

Yapo maoni ya upande wa pili, nayo yana uzito. Wanaoyatetea husema kwamba mashua mbovu ndiyo shule ya maskini: mtu huinunua kwa pauni 1,000, hufanya kazi zote kwa mikono yake jioni na siku za mapumziko, na mwishowe anakijua chombo chake kuliko aliyenunua kizima. Ni kweli kwa fundi. Mtu anayejua faiba, umeme na injini, mwenye banda la kufanyia kazi, atapata faida ambayo hesabu ya hapo juu haikuionyesha, kwa sababu ujira wake anajilipa mwenyewe. Lakini vifaa havifanyiwi bure, kodi ya uwanja haingoji kazi iishe, na katika viwanja vingi vya mashua zipo zilizofunikwa turubai miaka mingi ambazo kila moja ilikuwa ndoto ya mtu wa namna hiyo. Anayeichagua njia hiyo aikubali kama kazi anayoipenda. Asiiite njia ya kuokoa fedha.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawana haja ya kufundishwa hesabu hii, kwa kuwa wazee wao waliijua kabla faiba haijazaliwa. Mwenye jahazi hakuuliza bei ya jahazi peke yake. Aliuliza kalafati ilipigwa lini, mara ngapi kwa mwaka kitapandishwa mchangani kupakwa deheni ya shahamu na chokaa ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao, na tanga limebakiwa na misimu mingapi ya kusi na kaskazi. Huo ulikuwa ukaguzi wa mwaka wa pili, kwa lugha nyingine.

Kwa mnunuzi wa Mombasa, Tanga au Unguja anayeitamani mashua ya faiba ya namna ile, yapo mambo matatu ya kuongeza. Kwanza, bei za Uingereza zisimlevye. Kontena la kawaida lina upana wa ndani wa mita 2.35 hivi, na Centaur ina upana wa zaidi ya mita 2.5. Haliingii. Usafiri wa namna nyingine melini unaweza kuupita kwa mbali ununuzi wenyewe. Hivyo mashua iliyo rahisi kwake ni ile ambayo tayari iko pwani hii, iliyoletwa na wasafiri waliotia nanga Kilifi, Mtwapa au Tanga wakaamua kurudi kwao kwa ndege.

Pili, mashua kama hiyo mara nyingi iliingia nchini kwa ruhusa ya muda, bila kulipiwa ushuru. Siku inapouzwa kwa mwenyeji, ushuru huo huamka. Mnunuzi aende forodhani kwanza, apate tarakimu kwa maandishi, kisha ndipo arudi kupatana bei. Muuzaji aliyekwisha kukata tiketi ya ndege ana haraka. Mnunuzi hana sababu ya kuwa nayo.

Tatu, bahari ya hapa imempa mnunuzi wa pwani kitu ambacho Mwingereza hukilipia. Maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa karibu mita 4 katika sehemu nyingi za pwani hii. Mashua yenye mikuku miwili au tumbo fupi inaweza kukaushwa mchangani mahali pasipo mawimbi, ikakaguliwa chini na kupakwa rangi kati ya kupwa na kujaa. Kwa upande mwingine, jua la hapa hula matanga na kamba kwa kasi zaidi, na tanga lisilofunikwa halimalizi miaka yake. Kwa hiyo katika hesabu ya pwani, gharama ya kupandisha chombo ishushwe, na ya matanga ipandishwe.

Mnunuzi aliyeiweka kalamu yake hivyo hatapata mashua kubwa kuliko ya jirani, wala hatajisifu kwamba aliokota cha bure. Atapata chombo kifupi, kikuukuu, kisicho na urembo, kilichokaguliwa, kilicholipiwa, chenye mahali pa kulala ambapo kodi yake haimnyimi usingizi. Zaidi ya hayo, fedha aliyoibakiza itamwezesha kung'oa nanga. Wenzake wenye mashua kubwa watakuwa bado uwanjani wanangoja injini.